Namba za Mathe na Kopo la Baba Mkwe

Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, gari la mzee Kataliko lilitoka Kimemi, Butembo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likafika Beni saa tano na robo. Katika muda huo wa saa nne na dakika arobaini na tano, kwa saa mbili na dakika arobaini lilikuwa limesimama Maboya, na barabara haikuwa na kosa lolote.

Ndani walikuwamo watu watatu. Mzee mwenyewe alishika usukani. Kando yake alikaa mkwewe Mathe, fundi wa redio, amepakata kisanduku cha plastiki chenye namba nyekundu. Nyuma, katikati ya kabichi na karoti za Masereka, alijibana Kyakimwa, binti wa mzee na mke wa Mathe, ambaye biashara yake yote ilitegemea gari hilo. Mzee alikuwa ameshatangaza: likizimika tena njiani, mnunuzi wa Mangina atalichukua Jumatatu.

Corolla hiyo ya zamani ilikuwa ikinywa petroli na kukohoa. Mzee aliirekebisha kabureta kwa sikio, na Mathe hakuthubutu kumwambia kwamba sikio lile limechoka, kwa kuwa mkwe hamkosoi baba wa mke wake. Akaona heri kifaa kiseme kwa niaba yake.

Alitafuta sonde lambda kutoka gari lililokwisha kuvunjwa. Ni kidude kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kipime oksijeni iliyobaki humo. Sonde ya kawaida hujua tu kwamba petroli ni nyingi au ni kidogo. Hii, ya aina pana, hutaja kiasi chenyewe. Vifaa vya dukani vilikuwa ghali, kwa hiyo Mathe alilehemu saketi yake mwenyewe kwa mchoro alioupata kwenye simu, akang'oa kioo cha namba katika kidhibiti umeme kilichokufa, akavipanga vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Kumi na nne na nukta saba ni mchanganyiko uliokamilika. Namba ikipanda juu ya hapo, hewa imezidi. Ikishuka, petroli imezidi.

Ijumaa jioni namba ilikuwa kumi na saba, yaani petroli kidogo mno.

"Essence ni kidogo, Baba," alisema Mathe kwa sauti ndogo.

"Si nilisema tangu zamani? Hii gari iko na njaa!" Mzee akafungua skrubu ya kabureta ili petroli iongezeke, kwa furaha ya mtu aliyepata shahidi.

Maboya, kwenye mwinuko, gari lilitoa moshi mweusi kama tanuru la matofali, likazimika. Kijana wa pikipiki alipita akiutania moshi ule kama wa makaa: "Mzee, unapika makala ama kabichi?"

Mathe alifungua plagi. Zote zilikuwa zimejaa masizi: petroli ilikuwa imezidi mno. Hata hivyo, namba haikuwa imeondoka kwenye kumi na saba.

"Moshi inasema essence ni mingi," mzee alisema polepole, "mashine yako inasema ni kidogo. Donc, basi, nani anadanganya?"

Mathe alifuta plagi iliyokwisha kufutwa.

"Sema," Kyakimwa alinong'ona kutoka nyuma ya kabichi. "Ao Jumatatu nitabeba hizi karoti ku kichwa."

"Ni kopo, Baba."

"Kopo gani?"

"Kopo yako."

Bomba la moshi lilikuwa limeoza karibu na injini, na mzee alikuwa ameliziba kwa kopo la maziwa ya unga na waya, kazi aliyoisifu mbele ya kila mgeni. Hewa ya nje ilipenya hapo, kabla ya sonde, na sonde ikanusa oksijeni isiyotoka kwenye injini.

Mzee aliinama, akakanda udongo wa kando ya barabara kwa maji, akaupaka juu ya kopo lake kwa mikono yake mwenyewe, akauzungushia kitambaa kilicholowa. Plagi zikarudishwa, gari likawashwa. Namba ikaanza kushuka: kumi na tano, kumi na tatu, kumi na moja.

"Ulijua hii tangu siku gani?"

"Tangu Alhamisi, Baba. Wakati nilikuwa nafunga sonde."

"Na ukanyamaza!"

"Wewe ni baba ya muke yangu."

"Mathe, hii gari haikuoa kwangu! Yeye hapana na mukwe!" Kyakimwa alicheka mpaka karoti zikamwagika, na mzee naye akashindwa kujizuia. "Haya, mi nazungusha skrubu, we unasoma. Na usome kwa nguvu."

Walifunga skrubu hadi namba ilipotulia kwenye kumi na tatu na nusu, kipimo kinachofaa gari lenye mzigo mlimani. Udongo ulidumu kwa shida, lakini ulidumu. Mjini Beni, kabichi zilipokuwa zikishushwa, fundi wa kulehemu alikata kopo na kuweka bomba zima. Mzee alimpigia simu mnunuzi wa Mangina papo hapo, kwa maneno mafupi: gari haliuzwi tena.

Mwezi wa Februari 2024, carte rose, hati ya umiliki wa gari hilo, iliandikwa upya. Jina lililomo ni la Kyakimwa.