Mkono wa Mama Ayuma

Juzi kliniki nilimwona msichana mwenye vidole vilivyovimba akimsalimia daktari kwa kumpa kifundo cha mkono, na hasira yangu ya zamani ikarudi.

Kwetu Mayoni, anayekupa kifundo ana mikono michafu. Mama Ayuma, aliyekuwa akitutetea kiwandani kila mara miwa yetu ilipoanza kukaukia shambani, alimpa kila mtu kifundo, nami, nikiwa mtoto, nilikuwa nikivichungulia viganja vyake nikitafuta udongo. Wakubwa walisema ni maringo.

Alasiri moja, hewa ikinuka molasi, matrekta aliyoyapigania yaliingia kijijini yakinguruma. Mwanamume ambaye miwa yake ndiyo ilipakiwa kwanza alimwendea Mama Ayuma, akakishika kiganja chake na kukibana kwa nguvu.

"Leo utatusalimia vile watu husalimiana, mama."

Mama Ayuma akalia kwa sauti. Wanaume wakacheka. Mimi nilidhani analia kwa furaha ya matrekta.

Daktari alimweleza msichana kwamba ni ugonjwa wa viungo, mwili wenyewe unajishambulia. Maneno hayo hayo Mama Ayuma aliwaambia wakubwa wetu katika kila mkutano. Wao walisikiliza habari za miwa tu.