Magunia ya Maji Juu ya Transfoma

Watu wawili ndio walioling'oa jicho langu: fundi mkuu wa mgodi, Mzungu, na msimamizi wa zamu yetu. Wenyewe walisema radi. Radi gani, na siku ile Geita hapakuwa na wingu hata moja?

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kibarua kwenye nyumba ya mitambo. Nje ilikaa transfoma, tangi la chuma lililojaa mafuta. Nyaya tatu zilitoka pale kupeleka umeme kwenye vinu vya kusagia mawe, pampu na majumba, na mzigo wa umeme ulitakiwa ugawanywe sawa kwa zote tatu. Wazungu walipoletewa majiko ya umeme kule mlimani walikokaa, fundi mkuu aliyatundika yote kwenye waya wa tatu, eti ndio uliopita karibu. Uvivu tu.

Mita ya kupimia mzigo ilikuwa moja, na swichi ya kugeuza uone waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Swichi ilikuwa ngumu, basi msimamizi aliiacha kwenye waya wa kwanza, akasoma hapohapo siku zote. Mshale ulikaa vizuri, huku tangi likichoma mkono.

Jumapili mchana, kule mlimani wakipika, tangi lilinguruma. Dawa yao ilikuwa magunia ya pamba yaliyoloweshwa. Eti tulifunike kama mgonjwa wa homa.

“Leo linasonga ugali,” alisema mwenzangu, Msumbwa wa Ushirombo. “Wewe Msukuma, kalete mboga.”

Jumapili moja harufu ya mafuta ilizidi. Msimamizi mwenyewe akaogopa, akaigeuza swichi kwa mikono miwili. Kwenye waya wa tatu mshale ulikimbia mpaka mwisho, ukakwama. Akampigia simu fundi mkuu, aombe ruhusa ya kuzima umeme. Nilikuwa pale, nikamsikia.

“Ndiyo, bwana. Wageni hawajamaliza kula. Ndiyo, bwana.” Akaweka simu. “Ongezeni magunia.”

“Ongeza wewe,” nilimwambia.

“Kesho unataka kazi, au hutaki?”

Nikapanda na gunia. Mfuniko ukafumuka, mafuta ya moto yakanimwagikia usoni.

Nikiwa bado nimefungwa bendeji, mwenzangu alikuja kunitazama. Alisema fundi mkuu ameleta transfoma nyingine, na majiko ameyagawa kwenye nyaya zote tatu. Yeye ndiye aliyemshikia ngazi. Kuyagawa kulianza asubuhi, kukaisha kabla ya chai ya saa nne.