Jiwe Lililobaki Mlangoni

Mimi shule niliiacha primaire, darasa la tatu. Nilishika chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, nikashusha viazi na makabichi kutoka Kibumba mpaka mjini, na jasho hilo ndilo lililojenga nyumba yangu ya Katoyi. Hakuna aliyenipa. Hata kanisani nasema hivyo, watu wamezoea.

Kwa hiyo shirika letu, yaani sisi majirani tunaosali pamoja, lilipoamua kujenga kapela, kanisa letu dogo, nilijiona mimi mkubwa wake ndiye mwenye kazi. Mpango ulikuwa mwepesi: kila nyumba ilete jiwe. Mawe meusi ya volkano hapa kwetu unayakuta hata nyuma ya choo. Mwenye nguvu alete kubwa, kikongwe alete la kushika mkononi, na kila mmoja alitoe mwenyewe kwa masoni, fundi wa kujenga, ataje jina lake, ndipo lipangwe ukutani.

Mimi niliona wanachelewa. Nikajaza mawe chukudu zangu zote, masoni akajenga, na Jumamosi watu walipofika na mawe kichwani, wakakuta ukuta wa mbele umepita madirisha. Walinipigia makofi. Wengine walirudi na mawe yao wakicheka: "Muzee ametumaliza!" Nilivimba kama andazi.

Kati yao alikuwemo mama mmoja wa Kibumba. Vita vilimfukuza na watoto wake, jirani yangu akawapa stoo yake walale. Kila tulipokusanyika kusali alikuja, akakaa karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa. Siku hiyo alikuwa na jiwe juu ya kata ya majani. Si kubwa, lakini upande mmoja alikuwa amelichonga likawa sawasawa.

"Papa, na langu," akaniambia.

"Weka chini, mama. Ninyi wakimbizi hamudaiwe kitu. Pumuzika."

"Si deni, papa. Ni jiwe."

"Tutalitia wapi? Mawe yametosha. Kula kwanza unone, siku ingine utabeba mulima!"

Watu wakacheka. Naye alicheka, kwa adabu. Akalitua pale mlangoni, akakung'uta vumbi mabegani.

Mkutano uliofuata hakuja. Wa pili pia. Nikabeba ungo wa maharage nikaenda kwake kule stoo. Aliyapokea kwa mikono miwili.

"Mama, mbona hauji tena kusali?"

Aliyatazama maharage. "Papa, kwetu mugeni tunamupa chakula. Mutu wa nyumba tunamuambia: shika jembe. Mimi nilizania nimeshakuwa wa nyumba."

Ilikuwa kusema tu: mama, njoo na jiwe lako, nitatoa langu moja. Nikaona aibu. Mkubwa wa shirika abomoe ukuta wake kwa ajili ya kijiwe? Nikasema, "Muyapike vizuri, ni mazuri hayo." Nikaondoka.

Barabara ya Kibumba ilipofunguka kidogo, alirudi huko na watoto kulima. Halafu vita vikawaka tena huko. Wanaokimbia kutoka Kibumba, na wa mbali zaidi kutoka Kalengera, nawauliza habari zake. Wananiuliza, "Anaitwa nani?" Hapo nashindwa; hata jirani yangu alimwita mama wa Kibumba tu. Jina lake angelitaja siku ile, mbele ya masoni, kama ningemwacha.

Kapela imesimama. Ikivuja tunaitana, wanakuja wachache. "Muzee yuko," wanasema, wala si matusi; mimi ndiye niliyewafundisha kuniachia kazi.

Jiwe bado liko mlangoni. Watu wanafutia hapo matope ya viatu kabla ya kuingia. Masoni aliniambia ni kazi ndogo, anatoboa ukuta kidogo na kulipachika. Nilimkatalia kwa ukali hata akashangaa. Nani atalitoa kwa niaba yake, mimi tena? Linamngoja mwenyewe. Mimi nikifika pale naliruka, na magoti yangu ya chukudu hayaruki vizuri siku hizi.