Kishikizo cha Goti Chenye Herufi Mbili

Hakuna kitu Verna Sedlacek alichokichukia kama harufu ya kishikizo cha goti kilichovaliwa msimu mzima bila kufuliwa. Vyuma vya ubavuni havina neno. Ile sponji ya ndani ndiyo balaa, inanuka jasho lililochacha. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akitibu magoti ya wasichana wa mpira wa kikapu katika kamji kao ka jimbo la Nebraska, Marekani, na bado uvundo ule ulimtibua nyongo.

Ndiyo maana alasiri hiyo ya Februari, mchezaji Tessa Vondra alipoingia kupimwa, Verna alikunja pua hata kabla ya salamu. Kipimo ni kilekile: goti tupu, bila kishikizo, simama kwa mguu ulioumia, fumba macho, sekunde thelathini. Ukiweza, Ijumaa unacheza. Ukishindwa, benchi.

Tessa alisimama sekunde zote thelathini wala hakutikisika. Kocha Hruska alikuwa mlangoni akitafuna kolache, andazi la Kicheki lenye jamu, jamu yenyewe imemganda mdomoni.

"Si nilikwambia? Haya, tia sahihi kwenye fomu acheze."

"Pandisha suruali, mwanangu," Verna alisema.

"Bi Verna, nasikia baridi."

"Pandisha. Nimeshakinusa."

Kishikizo kilikuwa humo, kimekazwa hadi nyama imefura pembeni. "Kocha ndiye aliyenipa," Tessa alisema, macho sakafuni.

Alipokivua na kusimama tena, alifika sekunde ya nne tu. Mguu uliyumba, akamwangukia Verna kifuani.

"Basi acheze nacho," kocha alisema. "Akikivaa anasimama, umeona mwenyewe."

"Anasimama hapa, hakuna anayemgusa. Akipigwa kikumbo hewani, atatua na nini? Goti lenyewe bado halijielewi."

"Verna, usinianze. Ni fainali."

Verna alikigeuza kile kitu kwa ncha za vidole. Ndani, kwa kalamu nyeusi: B.H. Brynn Hruska, binti wa kocha mwenyewe. Miaka saba iliyopita, chumba hikihiki, kocha alisema maneno hayohayo, na Verna akatia sahihi ili yaishe. Brynn hakumaliza hata nusu ya kwanza, goti likamwachia. Verna alimwonea kinyaa mwanamume huyu, akauonea kinyaa na mkono wake mwenyewe.

"Brynn anapandaje ngazi siku hizi?" aliuliza.

Kocha alijifuta jamu mdomoni.

"Anashikilia ukuta," alisema.

Verna aliandika HAPANA kwenye fomu, akampa kocha aisome.