Maharage Yasiyogawiwa

Kaanaeli wa Suji hakuwa mchoyo, na ole wake aliyethubutu kumwita hivyo. Ukimwendea kuomba moto, alikupa kaa na ukuni juu yake. Ukiomba chumvi, alikupa chumvi pamoja na ushauri wa namna ya kuishi na mumeo, ingawa ushauri hukuuomba. Ndizi zake zililiwa na kitongoji kizima. Lakini ukitaja mbegu ya maharage yake, uso ulijifunga kama mlango wa duka siku ya ibada.

Yalikuwa maharage ya namna yake: meupe, manene, yenye doa jekundu kwenye kitovu. Yaliiva upesi, na mchuzi wake ulikuwa mzito hata bila kuungwa kitu. Alipoolewa, mama yake mzazi alimtilia makonzi machache kwenye kibuyu, akamwambia, "Mbegu hii haigawiwi. Inatoka kwa mama kwenda kwa binti wa tumbo lake, basi." Mama huyo alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa bintiye, na kila msimu Kaanaeli alipoona maharage yanachomoza, alijisikia kama mama yake amepiga hodi.

Tatizo ni kwamba Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, wa kiume. Aminieli alipozaliwa, Kaanaeli alifurahi kama mama yeyote, kisha akakumbuka maharage. Mimba nyingine hazikuja. Miaka ilivyokwenda, hofu ikamkaa moyoni kwamba atakapozikwa yeye, mbegu ya mama yake itazikwa naye. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuzidisha ulinzi.

Siku ya kupura, wanawake wa kitongoji walikuja kumsaidia kwa zamu, kama desturi ilivyo. Kaanaeli hakushika fimbo ya kupuria. Alikaa juu ya kigoda akiwatazama mikono. Walipoondoka aliwasindikiza mpaka kwenye mfereji, akizikagua pindo za kanga zao kwa jicho la mtoza ushuru.

"Haikutoka hata punje moja," alimwambia mumewe Hezroni kila mwaka.

"Naam," alijibu Hezroni, mtu wa amani.

Ukaja mwaka wa mbiru, ile kodi mpya ya serikali ya Mwingereza ambayo Wapare hawakuielewa wala hawakuitaka. Wanaume waliteremka Same makundi kwa makundi, wakaketi bomani wakisema hawaondoki mpaka kodi iondolewe. Hezroni alikuwemo, na Aminieli pia, ingawa ndoa yake ilikuwa bado mbichi. Milimani walibaki wanawake, na mvua za masika zilikuwa njiani, hazina habari na mgomo wa mtu.

Kaanaeli akajitwika ndizi na unga, akafuatana na wenzake kuwapelekea waume zao chakula. Nyumbani alimwacha mkwewe Rogathe, binti aliyetoka Kwakoa, kule chini tambarare. Alikuwa msichana mpole, mchapakazi, na mkweli kupita kiasi. Akivunja chungu, alikuja kukiri kabla vigae havijatulia.

Maagizo aliyoachiwa yalikuwa mengi. Mbuzi wapate majani. Zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, isimpite. Msaragambo wa wanawake, kazi ya pamoja ya kitongoji, ungekuja kulima shamba lao, kwa hiyo awapikie washibe, asije akamtia mkwewe aibu. Kuhusu kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, Kaanaeli hakusema neno. Nani asiyejua kwamba kinachoning'inia kwenye moshi ni mbegu?

Rogathe hakujua. Nyumbani kwao mbegu ilikaa kwenye chungu pembeni mwa kitanda cha bibi, na kilichoning'inizwa juu ya moshi kilikuwa akiba ya kulishia wageni. Wageni walipokuja na majembe yao, alikishusha kibuyu, akayaosha maharage mpaka majivu yote yakatoka, akayachanganya na mahindi, akapika makande ya kutosha shamba zima.

Kaanaeli alirudi miguu imevimba, lakini sifa zilimpokea njiani. "Mama Aminieli, mkwe wako ana mkono!" walimwambia. "Makande yale, tulilamba hata mwiko!" Ajabu ni kwamba walisema hivyo bila kumtazama machoni. Yeye hakuliona hilo. Alipanda mlima kwa maringo, akijisifu moyoni kwa kuchagua mkwe, ingawa aliyechagua ni Aminieli.

Kisha akakiona kibuyu kimepinduliwa juu ya kigingi cha ua, safi, kinakauka juani.

"Shikamoo, mama," alisema Rogathe akikimbia kumpokea mzigo. "Pole na safari."

"Kibuyu kile kilikuwa na nini?"

"Maharage, mama. Nimekiosha, kilijaa majivu."

"Maharage yako wapi?"

Rogathe akaanza kuona kwamba kuna jambo. "Niliwapikia watu wa msaragambo. Ulisema washibe." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Walishiba, mama."

Kaanaeli akaketi chini pale pale. Hakufoka, na hilo ndilo lililotisha. Mtu ambaye sauti yake ilivuka bonde kumwita mbuzi alikaa kimya siku ile na siku iliyofuata, akitazama mahali kibuyu kilipokuwa. Alikuwa amefiwa na mama yake mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole.

Rogathe alilia mpaka macho yakawa mekundu. "Mama, nitarudi kwetu Kwakoa," alisema. "Sistahili kukaa hapa."

"Kwenu wana maharage haya?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Utanisaidia nini huko?"

Habari ilienea. Jioni moja, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya vilele, alikuja jirani yao Lea, mkono mmoja umeshika pindo la kanga.

"Mama Aminieli, nilikuwa napalilia migomba yangu mwaka jana," alisema, akitazama kuku, "nikaona maharage yameota yenyewe. Sijui kama ni ndege walioyaleta." Akafungua pindo. Zilikuwa punje nyeupe, nene, zenye doa jekundu.

Kaanaeli akaigeuza punje moja kiganjani. "Ndege," alisema. "Ndege wa kuvaa kanga."

Kabla Lea hajafika mferejini akaja Ernesta, ambaye yeye alidai punje zilimnasa kwenye nywele siku ya kupura. Nyuma yake alikuja bibi Eliakunda, mkongwe asiye na muda wa kupoteza, akaweka kibakuli chini na kusema, "Niliiba. Yalikuwa matamu." Wakaja na wengine, kila mmoja na fungu lake na uongo wake, mpaka ungo ukajaa. Ikawa wazi kwamba katika kitongoji kile hapakuwa na mgomba usiokuwa na maharage ya Kaanaeli yaliyofichwa nyuma yake.

Wa mwisho alikuwa Eliwaza, dada yake Hezroni, amejitwika kikapu kizima.

"Wifi! Hata wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza," alisema Eliwaza, kwa fahari asiyoificha vizuri. "Hawa wengine wameiba kwangu. Na siku ile ya msaragambo, nilipotia makande kinywani tu nikajua yamepikwa yale yale. Ila tungesemaje kwamba tunayajua?"

"Wezi!" Sauti ya Kaanaeli ilirudi yote kwa mkupuo, na mbuzi bondeni wakainua vichwa. "Wezi ninyi nyote! Na ibadani mnakaa mbele!" Alifoka hivyo huku ameukumbatia ungo, machozi yanamtiririka. Alikuwa na hasira ya kudanganywa miaka yote ile, na alikuwa na furaha ya kuipata tena mbegu ya mama yake, na vyote viwili vilimpata kwa wakati mmoja. Wanawake wakasimama wakimtazama, hawajui wacheke au wakimbie. Rogathe ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Mvua ikanyesha, wakapanda. Wanaume waliporudi, Kaanaeli alimweka Hezroni kitako. "Ulijua kwamba wananiibia?"

"Naam," alisema Hezroni.

Siku ya kupura ilipofika, Kaanaeli alitoa kigoda chake kama kawaida, lakini alikigeuza kikaelekea mlimani. Akakaa amewapa mgongo, akitazama mawe. Alikuwa amelifikiria jambo hilo msimu mzima. Mama yake alikataza kugawa, na yeye ahadi hiyo angeitunza mpaka kaburini. Juu ya kuibiwa, marehemu hakuacha maagizo yoyote. Na laiti asingeibiwa, leo asingekuwa na hata punje moja.

Wanawake walijihudumia, ingawa Eliwaza alilalamika kwamba kuiba namna ile hakuna ladha. Aliyemshinda Kaanaeli ni Rogathe. Msichana yule aliokota kila punje iliyoruka, akamletea mkwewe mkononi.

"Mama, hizi ziliangukia kwenye kanga yangu."

Wenzake walipoondoka, Kaanaeli akamtuma afagie uwanja peke yake, akaondoka kwa makusudi, akakaa jikoni hata moshi ukamchosha. Rogathe akamfuata na ungo. "Mama, yalibaki haya. Nimeyakusanya yote."

"Mwanangu," alisema Kaanaeli, "wazazi wako walikulea vizuri, nami hilo litaniua." Akamshika mkono, akamrudisha uwanjani mpaka penye lundo la maharage. "Nisikilize. Mimi siwezi kukupa. Nilimwahidi mama yangu, na wewe si wa tumbo langu. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama," alisema Rogathe, na uso wake ukasawijika.

"Hujanielewa. Mimi sasa nageuka, nawaita kuku."

"Kuku wako hapa hapa, mama. Wako miguuni kwako."

"Nimesema nageuka!"

Akageuka. Akawaita kuku kwa sauti ya kufika Same, na kuku miguuni kwake wakamshangaa. Kisha akasikia nyuma yake maharage yakidondoka ndani ya nguo, konzi moja, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kaanaeli akaacha kuita.

"Mama," sauti ya Rogathe ikatetemeka, "nimeiba."

"Nani amekuuliza?" alisema Kaanaeli bila kugeuka, akijifuta macho kwa kiganja. "Ongeza, mwanangu. Hayo hayatoshi hata tuta moja."