Malipo Yaliyokuja Ndani ya Sanduku

Mimi ni fundi cherehani, na sikati kitambaa cha mtu bila arubuni. Sheria hiyo nilijiwekea mjini Kasongo, enzi za Wabelgiji, baada ya kuwashonea makoti watu ambao siku ya kulipa walikuwa safarini. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Myahudi mmoja mwenye duka. Yeye aliuza vitambaa ndani, mimi nilishona nje, tukapeana wateja.

Mchana, mji ukiwa umelala, alikuwa akiandika kitabu cha dini yao, cha kuifafanua Torati, kwa herufi zinazoanzia kulia kama zetu za Kiarabu za chuoni. Mteja akiingia katikati ya mstari, aliinuliwa kidole: ngoja. Mama mmoja alitoka Kabambare kwa miguu, mzigo wa mpunga kichwani, akangojeshwa hivyo kwa chumvi ya kopo moja! Nilichemka. Lakini nikimtazama usoni akiandika, hasira ilinitoka, nikajikuta nimeacha kukanyaga cherehani. Nilimwogopa kidogo, nami si mwoga.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akinakili misahafu kwa kalamu ya mwanzi. Naye hakutaja bei. Nyumbani kwetu msahafu hauuzwi: anayeuchukua hutoa zawadi anayoiweza, na baba hutazama pembeni wakati mtu anatoa. Tulikula kuku wengi waliokonda kwa sababu ya adabu hiyo. Kwa hiyo mwenye duka aliponiambia kuwa mpiga chapa wa ng'ambo amekubali kumlipa, nilifurahi mno. Angalau mwandishi mmoja alikuwa na akili ya biashara.

Na fedha hizo alizihitaji. Tajiri aliyemkopesha bidhaa alikuwa amechoka kungoja, na alikwisha kusema kwamba mvua zikianza kabla hajalipwa atalichukua duka. Duka likienda, baraza yangu nayo imekwenda. Tukangoja wote wawili.

Kilichokuja ni sanduku. Wapagazi walilitua barazani, tukalibandua misumari, na ndani hamkuwa na hata senti. Vilikuwa vitabu vyake mwenyewe. Mpiga chapa alieleza kwa barua kwamba karatasi ni ghali na wasomaji ni wachache, hivyo anamlipa mwandishi kwa nakala, naye aziuze. Amuuzie nani? Kasongo nzima mtu pekee aliyejua kuzisoma alikuwa yeye aliyeziandika. Tena sanduku lilikuwa limelala nje stesheni, likanyeshewa na mvua ya kwanza. Kurasa zilikuwa zimegandana na wino umetapakaa.

"Bwana, huyu mutu anakuchezea!" nilipiga kelele. "Umuandikie! Umutukane!"

Hakunisikia. Alikuwa amepata kitabu kilichopona, anakinusa, midomo inacheza, machozi yanashuka na huku anacheka.

"Fundi, tazama. Hapa iko jina ya baba yangu."

Tulivianika uani. Habari ikatembea, na mchana akaja mchuuzi wa Salamabila, aliyewauzia wachimba dhahabu chumvi na tumbaku. Alitaka karatasi za kufungia. Alizipapasa zile kurasa, akasema atazichukua zote, akataja bei. Ilitosha kumnyamazisha tajiri.

"Hapana," akasema mwenye duka.

"Lakini zimeharibika, bwana! Hakuna mutu atazisoma!"

"Najua. Jina ya Mungu iko ndani. Haiwezi kufunga chumvi."

Nilimkimbilia baba, aje amtie akili mtu wa rika lake. Baba alikuja, akavua viatu mlangoni mwa ua, jambo ambalo mimi sikulifikiria asubuhi nzima. Aliinama juu ya zile kurasa asizojua zinasema nini.

"Kwenu," akauliza, "kitabu ya Mungu ikiharibika, munaifanyaka nini?"

"Tunaizika, mualimu."

"Sisi vilevile. Kuja nazo kwa makaburi yetu. Nafasi iko."

Basi. Mchuuzi akaenda zake. Nimewahi kuona mkubwa wa serikali akiingia Kasongo na askari na tarumbeta, na sikutishika. Mbele ya wazee wale wawili, ambao kalamu haijawahi kuwalipa, nilitafuta pa kuweka mikono yangu.

Duka lilichukuliwa kabla mvua hazijakolea. Mwenyewe aliondoka na vile vitabu vichache vilivyopona, nami nikahamia sokoni, kwenye kibanda kinachovuja.

Lakini siku ile ya kuzika, kwao kama kwetu, haikuwezekana kuviweka vitabu vilivyoharibika udongoni vikiwa uchi, bila sanda. Mwenye duka alitoa jora la mwisho la amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akalitandika juu ya meza yangu. Kisha akatia mkono mfukoni kutafuta arubuni, maana sheria yangu aliijua. Nilimshika mkono kabla haujatoka. Nikachukua mkasi, nikaanza kukata, na nilipoinua macho nilimwona baba ametazama pembeni.