Ramani ya Chihan

Kula mboga hakujampa Yulien taabu hata siku moja. Taabu aliletewa na mwanawe.

Duka lake la chakula liko kwenye uchochoro nyuma ya hekalu, mjini Chiayi, na tangu lifunguliwe nyama haijavuka kizingiti chake. Mteja huchukua sahani, hupakua anachotaka, huipeleka kwenye mizani, na Yulien humpimia huku akimwuliza habari za mama yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, siku ambazo hata walaji nyama wakubwa hujizuia kwa heshima ya miungu, foleni hufika hadi kwa fundi viatu.

Yote hayo yalianza na nadhiri. Chihan, binti yake wa pekee, alipokuwa mchanga alishikwa na homa iliyowashinda madaktari. Yulien akapiga magoti mbele ya Kuanyin, mama wa huruma, akaahidi kwamba mtoto akipona hatagusa nyama wala samaki, wala kitunguu cha aina yoyote, maana harufu yake huchafua sala. Mtoto akapona. Marehemu mumewe alizoea kulalamika kwamba yeye hakuweka nadhiri na mtu, lakini ndiye anayeitimiza kila mlo.

Chihan alipokwenda kufanya kazi mji wa Taichung, naye akaacha vyote vitokavyo kwa mnyama: yai, maziwa, hata asali. Yulien alipopata habari alifurahi, akawaambia majirani kwamba maji hufuata mkondo. Ila kila Chihan alipokuja nyumbani alikuwa akila wali na majani tu. Sahani nyingine aliichungulia kwanza. "Mama, hii ina nini?" Halafu husema ameshiba.

Basi adhuhuri moja akaingia kijana mwenye miwani, mwanafunzi, simu mkononi.

"Samahani, Shangazi. Duka la tambi la Ayuan liko upande gani?"

"Unapita chakula ukatafute chakula?"

Kijana akacheka kwa haya. "Mimi mgeni wa mambo haya, Shangazi. Nimeanza juzijuzi. Kuacha nyama wala si kazi. Kazi ni kuuliza. Hii ina yai? Ile ina maziwa? Watu wananichoka, mpaka nami najichoka. Kwa hiyo naifuata ramani ya Chihan ya mtandaoni, ya maduka yasiyotia yai wala maziwa, inawasaidia sana wanaoanza."

"Chihan yupi?"

Kijana akamwonyesha kwenye simu. Pembeni palikuwa na picha ndogo ya mwenye ramani, na Yulien hakuhitaji kuambiwa ni nani. Vituo vya kijani vilijaa mji mzima: duka la tambi, kibanda cha maziwa ya soya, hata muuza uji wa karanga karibu na stesheni. Uchochoro wake ulikuwa mtupu. Alimwelekeza kijana kwa Ayuan, akarudi kwenye mizani, na mchana ule hakumwuliza mtu habari za mama yake. Aliumia, tena sana.

Jumapili Chihan akaja, na kwa kuwa alikwisha kununiwa kwenye simu, akaingia jikoni moja kwa moja ampikie mama yake matembele, apate kumlainisha. Yulien alinusa akiwa bado mlangoni.

"Umetia nini humo?"

"Chumvi, mafuta, kitunguu saumu kidogo."

"Kitunguu saumu."

"Si mmea, Mama?"

"Nadhiri haijui mmea. Inajua nilichoahidi, na niliahidi kwa ajili yako wewe mwenye ramani. Umeandika kila kibanda, duka la mama yako ukaliruka kama dimbwi."

Chihan akazima jiko. Akafungua friji, akatoa pakiti ya nyama ya bandia. "Soma hapa, Mama."

"Sina miwani."

"Unayo kichwani."

Yulien akasoma. Ute wa yai. Akapewa pakiti ya samaki wa bandia. Unga wa maziwa.

"Yai halina damu," akasema.

"Wale watoto wanaofuata ramani yangu wananiamini, Mama. Mmoja akila yai hapa kwa sababu yangu, nimwambie nini?"

"Mwambie mama yako mzee."

"Mama yangu si mzee. Mbishi tu."

Nyani haoni kundule. Mmoja na yai lake, mwenzake na kitunguu chake, kila mtu safi machoni pake, na matembele yakapoa bila mlaji.

Chihan alipoondoka, Yulien alikaa na zile pakiti, miwani puani, akasoma zote. Kesho yake nusu ya trei hazikuonekana. Mzee Hsieh, dereva wa treni mstaafu, akasimama na sahani yake.

"Yulien, samaki wangu yuko wapi?"

"Kafa."

"Kwani alikuwa hai lini?"

Kumtuliza Mzee Hsieh kulitaka kitu cha maana, na Yulien akakumbuka "kuku" wa marehemu mama mkwe wake. Hutengenezwa kwa utando unaoganda juu ya maziwa ya soya yakichemka: unaulowesha katika sosi ya soya na maji ya uyoga, tangawizi kidogo, unaupanga tabaka kwa tabaka, unaukunja ndani ya kitambaa, unaufunga, unaupika kwa mvuke. Wa kwanza ulifumuka kwa sababu aliuonea huruma asiukaze. Wa pili aliukaza kwa hasira zote alizokuwa nazo, ukatoka mzima. Mzee Hsieh alikula, akarudi kuongeza.

Chihan akaja siku ya mwezi mpevu, akapanga foleni kama mteja. Akaona trei za nyama na samaki wa bandia hazipo, akapakua mwani, tofu, vipande vya ule mkunjo. Yulien alijifanya anafuta mizani. Chihan akatia kipande mdomoni, na mama yake akasubiri lile swali. Halikuja. Chihan akachukua kipande cha pili. Yulien alifurahi hadi akamgombeza fundi viatu bila sababu. Jioni matembele yalipikwa kwa tangawizi, wakala wote wawili kutoka bakuli moja.

Wiki ile ile kijana wa miwani akarudi. "Shangazi, umeingia kwenye ramani." Akamsomea: "Duka la mama yangu. Kuleni chochote. Hapa hakuna haja ya kuuliza."

Yulien akaomba asomewe tena. Kisha akampa sahani.

"Anza na vitu unavyovijua. Tofu, maharage, majani ya kijani, si chipsi kila siku. Vidonge vya vitamini B12 unameza? Meza, Chihan anasema hilo si la mzaha. Na mama yako umemwambia?"

"Bado, Shangazi."

"Mwambie. Mlete hapa ale."

Kijana akainamia trei ya mkunjo, na kwa mazoea akaanza, "Shangazi, hii ina..."

"Kula," akasema Yulien.